Kuomba notisi ya faini ifutwe: msikae mkisubiri huku siku za rufaa zinakwisha

Mkuu, umesema ofisi yenu ya kupangisha nyumba huko England imeletewa notisi ya faini ya pauni 5,000 kwa kutotangaza ada zenu, na afisa akawaambia kwa simu kwamba "tutaiangalia, huenda tukaifuta". Unauliza kama mnaweza kutulia. Msitulie hata kidogo.

Nilikuwa nashughulikia makaratasi katika ofisi ndogo ya upangishaji hukohuko, kwa hiyo najua barua hizi zinavyokwenda. Cha kwanza, soma kichwa cha karatasi: ni notisi ya kusudio (wanakusudia kuwatoza faini) au ni notisi ya mwisho (wameshaamua)? Kwa mujibu wa Consumer Rights Act ya 2015 (sheria ya haki za watumiaji), watu wa Trading Standards wa halmashauri, yaani wakaguzi wa biashara, huanza na kusudio, na hapo mna siku 28 za kujitetea kwa maandishi. Wakishikilia msimamo wao ndipo huja ya mwisho, yenye siku 28 za kulipa au kukata rufaa First-tier Tribunal, yaani baraza la rufaa la ngazi ya kwanza.

Kufuta wanaweza katika hatua zote mbili. Jedwali la 9 la sheria hiyo linawaruhusu kufuta notisi au kupunguza kiasi wakati wowote. Wengi wakisoma hayo maneno "wakati wowote" hupumua, kumbe hiyo ni hiari ya halmashauri, si haki yenu. Kuomba tu hakusimamishi siku. Kinachosimamisha notisi ya mwisho ni rufaa iliyopelekwa ndani ya muda. Kama mkononi mna ya mwisho, pelekeni ombi na rufaa kwa pamoja; wakifuta, rufaa mtaiondoa. Na maneno ya simu hayahesabiki: kufuta ni kwa maandishi, yakiwa yameelekezwa kwa aliyepewa notisi. Huyo afisa mwandikieni leo, mkimkumbusha alichosema na kumwomba barua.

Sisi zilikuja mbili kwa mpigo, moja ya ofisini na moja ya tovuti. Ya ofisini ilidai orodha ya ada haionekani. Sheria inataka iwe mahali ambapo mteja ana uwezekano wa kuiona, basi hatukuandika hadithi ndefu. Tulikaa kwenye kiti cha mteja, tukapiga picha kutoka hapohapo: orodha iko ukutani, nyuma ya bega la mhudumu, inasomeka. Tukaambatisha na barua pepe ya tarehe tuliyoichapisha, iliyokuwa kabla ya afisa kuja. Hiyo ilifutwa.

Ya tovuti ilikuwa ngumu. Ada za wenye nyumba zilikuwepo, ila mojawapo iliandikwa "gharama za utawala" basi, bila kueleza ni za kazi gani. Sheria inataka maelezo ya kutosha kumfanya mtu aelewe analipia nini, na kiasi kiwe pamoja na kodi ya serikali. Hapo huwezi kudai kosa halikutendeka. Bosi alitaka tuombe ifutwe kwa sababu tumesharekebisha, nikamwambia kurekebisha baada ya notisi hakurudishi siku nyuma. Tukaomba kupunguziwa, tukionyesha ukubwa wa ofisi, mahesabu, na ukurasa mpya. Walipunguza, si kwa kiasi alichotamani bosi, lakini walipunguza.

Kwa hiyo gawanyeni hoja zenu. Kama ukweli wao una kasoro, kwa mfano wametaja kampuni isiyo yenu, ombeni kufutwa. Kama kosa lipo ila faini inauma kuliko kosa lenyewe, ombeni kupunguziwa. Mkichanganya yote kwenye aya moja, afisa ataona mnajitetea na kukiri papo hapo. Hoja hizohizo ndizo mtakazokwenda nazo kwenye rufaa: kosa la ukweli, kosa la kisheria, kiasi kisicho cha haki. (Sheria inairuhusu halmashauri kutumia fedha za faini kwa kazi zake, kwa hiyo msitarajie waifute kwa huruma tu.)

Jambo moja zaidi. Ikifutwa huku tovuti bado ina kasoro ileile, wanaweza kuanza upya na notisi nyingine ya kusudio maadamu kosa linaendelea. Tazameni pia kama mmetaja mpango wa kulinda fedha za wateja na chombo cha malalamiko mlichojiunga nacho, maana hivyo navyo vinatakiwa palepale penye ada, na maafisa huvikagua kwa safari hiyohiyo.