Jibu: Kuhani dhidi ya mchawi kwenye Dungeons & Dragons (toleo la 5, kanuni za 2014)

Mkuu, umeuliza kwa nini kuhani wako, mhusika wa ngazi ya 5 katika mchezo huu wa kuigiza kwa kete, hana kitabu cha dua kama mchawi, na kwa nini dua yake ya Bless ilikatika ulipoanza nyingine, Spirit Guardians.

Kuhani hahitaji kitabu. Mchawi husoma: anaanza na dua 6 kitabuni (ziite dua tu, "uchawi" kwetu una maana mbaya), anaongeza 2 kila ngazi, na akiokota nyingine kuinakili ni saa 2 na vipande 50 vya dhahabu kwa kila daraja la dua. Kuhani hupewa na mungu wake. Kila akiamka huchagua upya dua za siku kutoka orodha nzima; idadi yake ni ngazi yake jumlisha nyongeza ya Wisdom (alama yake ya hekima). Wisdom ikiwa 16, nyongeza ni 3, hivyo ni 5+3, yaani 8. Juu yake kuna 6 za himaya yake (domain, fani ya mungu wake aliyoichagua), hizo hazihesabiwi.

Bless ilikatika kwa sababu zote mbili zinadai umakini (concentration) ili ziendelee, na unaweza kushikilia dua moja tu ya aina hiyo kwa wakati mmoja. Ukipigwa ukiwa umeishikilia, unarusha kete ili isikatike: lengo la kufikia ni 10 au nusu ya madhara uliyopata, lolote lililo kubwa.

Kosa linaloua watu zaidi ni la Revivify, dua ya kufufua. Alama takatifu ya kuhani haifidii almasi zenye thamani ya vipande 300 vya dhahabu ambazo dua hiyo inadai. Almasi hizo huteketea, na mfu asiwe amezidi dakika moja tangu afe. Nunueni almasi kabla ya kushuka shimoni, tena abebe mwenzako pia.

Mwendesha mchezo kukunyang'anya nguvu eti umemuudhi mungu? Mkubaliane kabla ya mchezo, si katikati ya pambano.