Klorini haishushi BOD

Swali: Salaam mtaalamu. Nina gesti ndogo hapa Malindi, maji ya choo na jikoni yanaingia septiki tenki halafu paipu inaelekea baharini. Maabara wamenipa BOD 140, nimefeli. Fundi anasema nimwage klorini siku mbili kabla ya sampuli nyingine. Itapita?

Jibu: Haitapita, na huyo fundi akija tena mfungie geti. Hili swali naletewa kila mara, kama si klorini basi ni ile poda ya "bakteria wa ajabu" ya kwenye kopo. BOD si hesabu ya vijidudu bwana, ni oksijeni ambayo uchafu unakula kwa siku 5 kwenye nyuzi 20, sasa klorini inaua vijidudu lakini mafuta, sabuni na makombo vimebaki palepale, na maabara wenyewe wanaitoa klorini iliyobaki kabla hawajapima. Tena ukiimwaga ndani ya tenki unaua bakteria waliokuwa wakikufanyia kazi bure, baadaye tope likijaa hiyo harufu ndo utaijua.

Kanuni za ubora wa maji za Kenya za 2006 ziliweka BOD mwisho 30 mg kwa lita. Septiki peke yake haifiki huko hata ijengwe na nani, kazi yake kubwa ni kutuliza tope. Baada yake weka kitalu cha kokoto na matete, maji yapite chini kwa chini, na jikoni mtego wa mafuta (hizo pizza na samaki wa kukaanga, mafuta yake mnadhani yanaenda wapi?) unaosafishwa kila wiki, si ujengwe usahaulike.

Halafu kuna hili la "bahari kubwa, itayachukua", hili ndo linanichosha kabisa. Kipimo kinachukuliwa mdomoni mwa paipu, kabla maji hayajachanganyika na bahari. Na hata wale wanaofungulia maji ya kisima ndani ya paipu ili uchafu uonekane mdogo wanajidanganya tu, uchafu ni uleule. Mvua zikija maji ya bahari yakawa mekundu wote mnasingizia mto Sabaki, na kweli Sabaki inashusha udongo wa bara, lakini choo chako hakitoki bara, na matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari hapa Malindi yanaumizwa na vyote viwili.

Hela ya klorini na poda mpe mtu akupigie hesabu ya kitalu. Na sampuli ijayo ikae kwenye barafu ifike maabara siku hiyohiyo, maana kuna watu wanabeba chupa kwenye boda jua la saa saba halafu wanakuja kugombana na majibu.