Toroli la spana kuwa meza ya nepi: majibu ya maswali yenu

Mwezi uliopita nilieleza kwa kifupi jinsi nilivyochukua toroli la spana, lile la bati lenye droo na magurudumu manne wanalosukuma mafundi gereji, nikaligeuza kuwa meza ya kumbadilishia binti yetu nepi. Maswali yamekuja mengi, na baadhi yamenionyesha kwamba nilipita mbio mahali palipotaka kusimama. Naanza na lililonikosesha usingizi.

Mume wangu ni fundi magari. Ana toroli la droo tatu alilolitumia zaidi ya miaka kumi, sasa amepata jingine. Nina mimba ya miezi saba. Nikiliosha kwa maji ya moto na sabuni linatosha? (Mama mtarajiwa, Tabata)

Halitoshi, dada yangu. Na nakuomba usiliguse kabisa mpaka mumeo alimalize.

Grisi na oili si tatizo kubwa, kwa sababu unaziona na zinatoka. Tatizo ni vumbi. Kwenye droo za fundi hukaa vile vipande vizito vya kubalansia tairi, ambavyo vingi ni vya risasi. Hukaa vichwa vya nyaya za betri, navyo ni risasi. Risasi ninayoisema ni ile madini, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inaharibu ubongo unaokua, na kwa mjamzito inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni. Kisha kuna unga wa breki. Pedi na viatu vya breki vya magari ya zamani vilikuwa na asbesto, na unga wake ukiuvuta hautoki mapafuni.

Kwa hiyo mumeo afanye hivi. Alitoe toroli nje, mbali na jiko na kamba ya nguo. Asilipulize kwa kompresa na asilifagie likiwa kavu, maana hapo ndipo vumbi hupanda hewani. Achomoe droo zote, atupe zile raba za chini ya droo, zimeshanywa kila kitu. Afute kwa tambara lililolowa maji ya sabuni ya vyombo, na tambara likichafuka alitupe, asilisuuze kwenye beseni la nyumbani. Grisi iliyoganda kwenye reli za droo itoke kwa mafuta ya taa kidogo, halafu sabuni tena mara mbili. Nguo alizovaa kwa kazi hiyo zifuliwe peke yake.

Kipimo changu ni kitambaa cheupe. Kikunje kwenye ncha ya kidole, kiloweshe, ukisugue kwenye kona ya ndani ya droo, pale bati lilipokunjwa. Kikirudi na weusi, rudia kazi. La kwangu nilirudia mara nne, na kona ya mwisho kuniridhisha ilikuwa ya droo ya juu, iliyokuwa ikikaa boliti. Lakini kitambaa cheupe kinaonyesha uchafu tu, hakipimi risasi, ndiyo maana rangi inafuata.

Kama rangi ya zamani imeshika imara, aikwangue kidogo kwa msasa wa maji huku bati limelowa, apige praima ya kuzuia kutu, kisha rangi ambayo kopo lake limeandikwa kwamba haina risasi. Kama inabanduka magamba au ukiipitisha kiganja inaacha unga, ushauri wangu ni mmoja: lirudi gereji, mtoto atafutiwe jipya. Rangi ya zamani inayobanduka yenyewe inaweza kuwa na risasi, na kuikwangua yote nyumbani penye mjamzito si jambo la kujaribu.

Rangi hukauka kwa kidole ndani ya saa chache. Harufu huchukua wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Una miezi miwili, basi kazi hii ianze wiki hii.

La kwangu lina breki kwenye magurudumu mawili tu. Niyaondoe yote? (Baba wa mara ya kwanza, Mwanza)

Kaka, hapa nasimulia lililonipata.

Binti yetu alikuwa na wiki sita. Nilikanyaga breki zote mbili, nikasikia zimeingia, nikamlaza. Nilipoinama kumwinua miguu nimpitishie nepi, tumbo langu lilisukuma ukingo wa meza. Upande wenye breki ulibaki palepale, upande wa pili ukateleza kwenye marumaru kama upana wa kiganja. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa kifuani mwake, hakupatwa na chochote. Lakini ule mwendo, meza kugeuka kama mlango chini ya mtoto wako, bado naukumbuka mwilini.

Jioni ile niliyafungua magurudumu yote manne. Kila gurudumu hushikwa na boliti nne, na kwenye matundu yaleyale nilifunga miguu ya chuma yenye raba chini, ile inayozungushwa kurefusha au kufupisha. Hiyo ya kuzungusha inasaidia sana, kwa sababu sakafu zetu nyingi hazijalala sawa, na meza inayotikisika kidogo leo itatikisika zaidi kesho.

Ukitaka kubaki na magurudumu kwa sababu meza inahamahama kati ya chumba na sebule, weka yote manne yenye breki, tena zile zinazozuia gurudumu kuzunguka na pia shingo yake kugeuka. Nyingi za bei nafuu huzuia mzunguko tu. Usiisukume meza mtoto akiwa juu yake, hata hatua mbili. Gurudumu dogo likikutana na ukingo wa zulia husimama ghafla, na kilicho juu kinaendelea na safari.

Jambo la pili ni uzito. Toroli la spana lilitengenezwa libebe chuma, na chuma hicho ndicho kilichokuwa kikilituliza. Ukishazitoa spana linabaki bati jepesi lenye mtoto kileleni. Rudisha uzito chini: mimi niliweka mfuko wa mchanga wa kilo 15 kwenye droo ya mwisho, nikaushona vizuri usimwage. Nepi na nguo zikae juu. Na usivute droo mbili kwa wakati mmoja, maana zote zikitoka mbele meza inaweza kuzifuata.

Nimepanga, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta. Nitaifungaje meza isipinduke? (Mama Kayole, Nairobi)

Isogeze kwenye kona, iguse kuta mbili. Hapo zimebaki pande mbili tu za kulinda, na wewe umesimama upande mmojawapo. Weka uzito chini kama nilivyoeleza hapo juu. Siku mtoto atakapoanza kusimama kwa kushika vitu, karibu miezi minane au tisa, zungumza na mwenye nyumba upya, au uiondoe. Mtoto wa umri huo huiona droo kama ngazi. Aliye na ruhusa ya kutoboa afunge vyuma viwili vya kona kwa skrubu na rolplagi, vile vibomba vya plastiki vinavyoshika skrubu ukutani. Kwenye ukuta wa tofali za saruji dakika ishirini zinatosha.

Sehemu ya juu ya toroli ina ukingo uliosimama pande zote. Nikiweka godoro hapo, si tayari ameshakingwa? (Msomaji, Morogoro)

Hili nimefurahi limeulizwa, kwa sababu jicho linadanganyika kirahisi. Chukua rula upime ule ukingo. La kwangu ulikuwa sentimita nne, umewekwa ili boliti zisidondoke. Godoro langu lina unene wa sentimita nane. Ukiliweka, ukingo wote umezama, na mtoto amelala juu ya kilima.

Kinga inahesabiwa kuanzia uso wa godoro kwenda juu. Nilikata mbao za plaiwudi, nikazifunga kwa boliti pande tatu zisimame sentimita 10 juu ya godoro, na upande ninaosimama mimi nikaweka ya chini kidogo ili mikono ifike. Kingo zote za bati na za mbao nilizivisha raba ya mlango wa gari, ile yenye umbo la mfereji inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya spea. Inabana yenyewe na inaoshwa.

Godoro nalo liwe na mabega: katikati pamebonyea, pembeni pameinuka. Fundi makochi anakukatia sponji ngumu kwa umbo hilo na kulivisha reksini siku hiyohiyo. Mwambie sponji ngumu, ile laini inamezea mtoto chini. Chini ya godoro tandika mpira wa kuzuia kuteleza. Juu ya reksini tandika kipande cha kanga kilichochakaa, kwa sababu reksini tupu hunata kwenye joto, na mtoto uliyempaka mafuta huteleza juu yake kama samaki. Ukiweza, mafuta mpakie kitandani, siyo mezani.

Mkanda wa kiunoni ni mzuri, ufungwe kwenye chuma chenyewe na si kwenye godoro. Lakini mkanda hauchukui nafasi ya mkono. Ajali kubwa ya meza hizi ni mtoto kuanguka, na wengi huanza kujigeuza karibu na miezi minne bila kukutangazia kwamba leo ndiyo siku. Ndiyo maana kila kitu kikae pale mkono wako wa kulia unapofika huku wa kushoto ukiwa kifuani mwake. Umesahau nepi sebuleni? Mbebe mwende wote. Simu ikiita, iite.

Nilijifungua kwa upasuaji na kuinama kunaniuma. Urefu uwe kiasi gani? (Mama wa wiki tatu, Arusha)

Pole sana, na hongera. Simama wima, mabega yakiwa yamelegea, kunja viwiko kama unayekanda unga. Uso wa godoro ukae chini kidogo ya viwiko. Kwa mwanamke wa sentimita 160 hiyo ni kati ya sentimita 85 na 92 kutoka sakafuni, godoro likihesabiwa. Matoroli mengi ya spana ni marefu vya kutosha kwa kazi hiyo, na hilo ndilo lililonivutia kwayo tangu mwanzo. Mke wangu naye alikuwa na mshono, na kila safari ya kuinama kitandani ilimtoa machozi. Wiki hizi, kuvuta droo nzito afanye mtu mwingine.

Mwanangu, sisi tumelea watoto saba kwenye mkeka na hakuna aliyeanguka. Haya matoroli ya nini? (Bibi, Tanga)

Shikamoo, bibi. Umesema kweli tupu. Mtoto aliye kwenye mkeka hana pa kuanguka, na mwenye mgongo mzima na magoti mazima hana haja ya kutumia senti moja kwa haya ninayoandika. Meza hii ni ya yule ambaye mwili unamkatalia kuinama, na pia ya usiku wa manane, pale usingizi na magoti vinapogombana. Nyumbani kwetu mkeka bado uko chini ya ile meza, umekunjwa. Binti alipofika miezi mitano akawa hatulii tena, tulirudi mkekani, na ulikuwa uamuzi sahihi.

Naweza kumwacha alale hapohapo akishasinzia? (Dada wa kazi, Dar es Salaam)

Hapana, mdogo wangu, hata dakika tano, hata ukiwa umefunga mkanda. Mbebe, mlaze chali mahali pake pa kulala. Na mwajiri wako akikwambia vinginevyo, mwonyeshe jibu hili.

Kinyesi kikimwagika kwenye bati nitumie Jik? (Baba pacha, Dodoma)

Kwa kila siku, maji na sabuni vinatosha. Mtoto akiwa anaharisha, futa kwanza kinyesi chote, kisha tumia Jik ya asilimia 3.5: kipimo kimoja kwa sita vya maji, iliyochanganywa siku hiyo. Iache dakika kumi, halafu ufute kwa maji safi na ukaushe, kwa sababu klorini inakula bati na kutu huanzia kwenye viungio. Watoto wawe mbali wakati huo. Na hao pacha, mmoja mmoja mezani. Wa pili asubiri chini kwenye mkeka, alie akitaka kulia.

Tutaitumia mpaka lini? (Wengi wameuliza hili)

Mtoto mwenyewe atakuambia. Uso wa toroli la kawaida una urefu wa karibu sentimita 70, na mtoto wa miezi sita anakaribia hapo. Unaweza kuongeza ubao uliofungwa kwa boliti, ila usitokeze nje ya miguu ya meza kwa zaidi ya vidole viwili, la sivyo uzito wa mtoto unahamia hewani. Miguu yake ikianza kugonga ubao wa mwisho, au akijaribu kukaa huku unamfunga nepi, siku hiyohiyo muda wa meza umekwisha.

La kwetu sasa liko pembeni mwa jiko, na mfuko wa mchanga umebaki droo ya chini. Droo ya juu tunaweka vijiko na miko. Binti ana mwaka na nusu, na zile droo nimezifunga kwa kamba.