Jibu: Je, michezo ya saifa za zamani inamsaidia anayetaka kusomea usalama wa mtandao?

Mkuu, umesema umemaliza kidato cha sita, unataka kuingia kwenye usalama wa mtandao, na wenzako wanakwambia michezo ya saifa za zamani (saifa ni njia ya kuficha ujumbe kwa kubadili au kupanga upya herufi) ni kupoteza muda, nenda moja kwa moja kwenye AES na RSA, saifa za kisasa za kompyuta. Nimekaa na vijana wa klabu ya kompyuta ya sekondari kwa miaka kadhaa sasa, na siafikiani nao kabisa. Cheza. Ila anza kucheza kwa Kiswahili.

Tazama hii:

PWRWR ZD QBRND QL QBRND

Ni saifa ya Caesar, yaani kila herufi imesogezwa mbele hatua zilezile. Kijana aliyesoma juujuu atahesabu herufi, aone R imejirudia kuliko zote, mara 4, aseme basi R ndiyo A. Anarudi nyuma hatua 17 na kupata YFAFA IM ZKAWM ZU ZKAWM. Hapo klabu nzima hupiga kelele, maana lini Mswahili akaishia maneno yake kwa M? Ndipo wanapoanza kutazama miisho: R, D, D, L, D. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo hizo tatu lazima ziwe irabu, na D imefunga maneno matatu. Ijaribu iwe A. Hatua 3, zilezile ambazo Suetonius, mwandishi wa historia wa Roma, anasema Julius Caesar alizitumia, na mtoto wa nyoka huyo hapo.

Hakuna aliyewafundisha kanuni hiyo. Lugha wanayo tayari. Na wazo la kuitumia lugha kuvunja fumbo ndilo aliloliandika mwanazuoni Al-Kindi kule Baghdad karne ya 9: chukua maandishi marefu ya lugha husika, hesabu kila herufi imetokea mara ngapi, kisha linganisha na fumbo lako. Majedwali utakayoyakuta mtandaoni ni ya Kiingereza, ambako E inaongoza kwa kama herufi moja kati ya nane. Kwetu A ni takribani moja kati ya tano, Q na X hazimo, na C haiji bila H. Tengeneza jedwali lako kwa ukurasa wa gazeti na kalamu. Utachoka, lakini ukimaliza hutalisahau.

Saifa za kupanga upya herufi nazo si ngeni pwani. Watoto walicheza mchezo uitwao kinyume, silabi ya mwisho inakwenda mbele, mbuzi anakuwa zimbu. Waandishi wa karne ya 19 waliikuta Unguja na kuinukuu.

Ukishazoea, nenda Vigenère, saifa yenye neno la ufunguo linalorudiwarudiwa, na kila herufi yake inaamua hatua za kusogeza herufi iliyo sambamba nayo (A hatua 0, B hatua 1, na kuendelea). Andika BABA kwa ufunguo KIBO unapata LICO. A ya kwanza imekuwa I, ya pili imekuwa O, na hesabu ya Al-Kindi inagonga mwamba. Karne tatu hivi watu waliiona haivunjiki, mpaka Kasiski mwaka 1863 alipochapisha njia: tafuta vipande vinavyojirudia kwenye fumbo, pima umbali kati yao, na urefu wa ufunguo kwa kawaida utagawanya umbali huo. Ukiujua urefu, umebaki na saifa kadhaa za Caesar tu. Hapa ndipo nakuomba usikimbie. Kaa na karatasi mpaka uione kwa macho.

Kuhusu michezo yenyewe, niko upande wa Krypton ya OverTheWire. Ni bure, unaingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa kuandika amri), hata kwa simu yenye programu ya Termux, na kwa kuwa ni maandishi matupu haili bando. Inakupandisha kutoka ROT13 (Caesar ya hatua 13) hadi Caesar ya hatua usizozijua, kisha ubadilishaji wa herufi usiofuata hatua moja, ambao lazima uhesabu, kisha Vigenère ambayo umetajiwa urefu wa ufunguo, halafu ile ambayo hujatajiwa. Mafumbo ni ya Kiingereza, na ndiyo maana nataka uwe umeshacheza kwa lugha yako, ujue unachokitafuta. Baadaye kuna mafumbo mengine ya mtandaoni: picoCTF ya chuo kikuu cha Carnegie Mellon na CryptoHack. Programu za simu zinazokupa ufunguo kisha kukuambia uzungushe gurudumu, achana nazo, hazifundishi kuvunja. CyberChef, tovuti inayokufanyia hesabu hizi za saifa, ni chombo kizuri sana, lakini kifungue baada ya kupata jibu kwa mkono.

Sasa wale wa "nenda AES" waambie hivi: XOR (kuchanganya biti za ujumbe na biti za ufunguo) yenye ufunguo unaojirudia inavunjwa kwa mawazo yaleyale ya Vigenère. Na AES yenyewe ukiitumia kwa mtindo wa ECB, ambako kila kipande cha ujumbe kinafichwa peke yake kwa ufunguo uleule, vipande vinavyofanana vinatoka vimefanana, kama QBRND ilivyotokea mara mbili pale juu. Kijana aliyeliona hilo kwenye sentensi ya maneno matano hahitaji kubembelezwa kuelewa kwa nini ECB haifai.

Anza na hii. Ni Caesar, Kiswahili, nimeondoa nafasi za maneno na kupanga herufi tanotano ili miisho ya maneno isikusaidie:

DZVZW LDLXL VTWTX PQFYR HLWPZ

Weka jibu hapa chini, na utuambie ni herufi gani iliyokufungulia.