Urani ya kina kifupi Bahi na Manyoni: kabla hamjachanga hela

Mkuu, umesema kikundi chenu kina leseni ya utafiti upande wa Bahi, mtaalamu kapita na kipima mionzi kikapiga kelele karibu kila alipokanyaga, naye kawaambia kwamba kwa kuwa urani iko ndani ya mita tano, mtaji ni ekskaveta na malori tu. Unauliza kama inalipa. Nimefanya uchorongaji na kuchukua sampuli kwenye mbuga hizo, yaani tambarare za mfinyanzi zinazofurika kati ya Bahi (Dodoma) na Manyoni (Singida), kwa viangazi vitatu. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Kile kifaa hakipimi urani. Kinacholiza ni mionzi ya gama, na sehemu kubwa inatoka kwa bismuthi, kitukuu wa urani: urani ikivunjika polepole huzaa radiumu, kisha radoni, kisha yeye. Kwenye mwamba wa kale uliotulia, ukimwona kitukuu unajua babu yupo na unaweza kukadiria kiasi chake. Mbugani sivyo. Urani ya pale imeletwa na maji kutoka kwenye miamba ya itale (granaiti) iliyozunguka bonde, ikaganda kwenye chokaa na mfinyanzi, na maji yaleyale bado yanaihamisha. Mahali pengine urani imeshaondoka, radiumu imebaki inapiga kelele. Mahali pengine urani ni changa, vitukuu hawajazaliwa vya kutosha, kifaa kinanyamaza juu ya mali. Kampuni niliyokuwa nayo iliamini kipimo cha gama, ikachora ramani ya akiba yote ya urani. Sampuli zilipofika maabara kupimwa urani yenyewe, baadhi ya mashimo yalitoa chini ya nusu ya kilichotangazwa. Msimu mzima ukarudiwa, vibarua wengi wakaondoka bila kazi. Iliniuma sana, kwa sababu ningeweza kusema mapema na sikusema.

Jambo la pili ni uzito. Mtu akikadiria mita moja ya ujazo ya udongo ni tani 2 kumbe mkavu ni tani 1.6, sehemu moja kati ya tano ya mali aliyoitangaza haipo. Mfinyanzi wa mbuga una maji mengi, kwa hiyo upimeni ukiwa umekaushwa.

Tuje kwenye hela. Tuseme mmepata sehemu 150 kwa milioni, yaani gramu 150 za oksidi ya urani kwa tani ya udongo. Kiwanda kikiokoa robo tatu mnabaki na gramu 112 hivi, ambayo ni robo ya ratili (pauni, gramu 454 hivi). Urani huuzwa kwa ratili. Bei ikiwa dola 80, tani hiyo ina dola 20. Ndani ya hizo 20 mchimbe, msafirishe, mchuje, mlipe mrabaha, na mweke akiba ya kufunga mgodi. Na bei haitulii: mwaka 2007 ilipita dola 130, mwaka 2016 ikashuka chini ya 20, Januari 2024 ikavuka 100.

Kina kifupi kinawapunguzia gharama ya kuondoa kifusi, basi. Gharama kubwa iko kiwandani. Chokaa inakula asidi ya kuyeyushia urani, kwa hiyo inabidi kutumia magadi tena kwa kupasha moto. Jasi nayo inakula magadi, na jasi mnaijua, Itigi wanaichimba kwa ajili ya viwanda vya saruji. Chumvi ya maji ya mbugani inavuruga hatua ya kunasa urani. Mtaambiwa habari za Langer Heinrich kule Namibia, na kweli nayo ni urani ya kwenye chokaa, karibu na uso wa ardhi. Ila kule madini ya njano yamepaka kokoto. Wanazisugua, kokoto tupu zinatupwa, kinachobaki kina kiwango cha juu. Kwenye mfinyanzi hakuna cha kutupa. Na hata hao walisimama mwaka 2018 bei ilipowashinda, wakarudi 2024.

Halafu kuna watu. Bahi ni mpunga. Mkishamaliza, sehemu kubwa ya mionzi, radiumu ikiwemo, inabaki kwenye bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya kiwanda, katika bonde linalofurika. Visima vya huko vinaweza kuwa na urani ya asili tangu zamani. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 30 kwa lita. Msipopima leo, kesho hamtaweza kuthibitisha nani kachafua nini, na familia ya mkulima ndiyo itakayobaki inakunywa.

Kwa hela mliyo nayo, msinunue ekskaveta. Chimbeni mashimo kumi ya mkono yaliyotawanyika, chukueni sampuli kila nusu mita, maabara ipime urani, radiumu, chokaa, jasi na uzito mkavu. Chukueni na maji ya visima vyote vya jirani. Kabla ya hapo nendeni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) mkaulize masharti ya kushika na kusafirisha sampuli hizo, na vijana wavae barakoa wanapochimba, maana vumbi lile linaingia kifuani. Majibu yakija yaweke hapa, nitakaa nawe tuyasome mstari kwa mstari.