Maswali ya Wasomaji: Mpira Upite kwa Nyota, au Uishie kwa Nyota?

Safari hii tumepokea barua mbili zinazotoka katika timu moja ya mpira wa kikapu ya Dar es Salaam, moja ikiwa ya nahodha na nyingine ya mfungaji mkuu. Kwa jinsi zilivyoandikwa, hakuna aliyejua kwamba mwenzake naye ameshika kalamu. Tumeondoa kila kinachoweza kuitambulisha timu, kisha tumezijibu kwa pamoja, ingawa tunatambua kwamba wenyewe wakisoma ukurasa huu watatambuana mara moja. Barua ya tatu, ya mwalimu wa Tanga, inaligusa jambo hilohilo kwa upande mwingine.

*Ndugu Mhariri,*

*Mimi ni nahodha na mchezeshaji wa timu ya mtaani. Msimu uliopita alijiunga nasi kijana mmoja mwenye kipaji ambacho sijapata kukiona katika uwanja wetu. Anampita mtu yeyote, anarusha kutoka mbali bila wasiwasi, na katika mechi moja alifunga pointi 38 kati ya 61 tulizopata. Mechi hiyo tulishindwa. Tangu siku ile tumegawanyika: wapo wanaosema apewe mpira zaidi kwa sababu bila yeye tungefungwa vibaya zaidi, na wapo wanaosema wamegeuzwa watazamaji waliovaa jezi. Senta wetu, yaani mchezaji mrefu anayecheza karibu na kikapu, alisema mazoezini, mbele ya kijana mwenyewe, kwamba yeye huja uwanjani kukimbia tu, maana mpira hauoni isipokuwa unapogonga ubao na kurudi. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeupandisha mpira, lawama za pande zote mbili zinaishia kwangu. Je, ni kiasi gani cha mashambulizi ya timu kinapaswa kumtegemea mtu mmoja?*

*Nahodha, Dar es Salaam*

*Shikamoo Mhariri,*

*Nina umri wa miaka 21 na ndiye mdogo kuliko wote katika timu yangu. Wenzangu, ambao wote ni kaka zangu, wananiona mchoyo, ingawa aliyenitamkia usoni ni mmoja tu. Kinachoniumiza ni kwamba pasi ninatoa. Nikibanwa na watu wawili ninampa mwenzangu aliyeachwa, naye badala ya kurusha anaudunda mara mbili tatu kisha ananirudishia, zikiwa zimebaki sekunde tano au sita za muda wa kurusha. Hapo sina jingine ila kurusha nikiwa nimezingirwa, na nikikosa kosa ni langu. Kocha ananiambia niendelee kufunga, nahodha ananiambia nitulie. Je, niache kurusha ili niwaridhishe, au nirushe ili tushinde?*

*Mfungaji, Dar es Salaam*

Jibu

Marahaba, kijana, nawe Nahodha pokea salamu zetu. Nahodha ameuliza kuhusu kiasi, na mfungaji ameuliza kama arushe au asirushe. Kwa maoni yetu yote mawili yana umuhimu mdogo kuliko swali la tatu ambalo hakuna aliyeliuliza: je, mashambulizi yenu yanapita kwa kijana huyu, au yanaishia kwake? Timu inaweza kumpitishia mtu mmoja karibu kila shambulizi na ikacheza vizuri mno. Ikizoea kuyaishilizia kwake, wapinzani watahitaji mechi mbili tu kuizoea, nayo haitakuwa na mlango wa pili wa kutokea.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa Nahodha ameiomba. Wachezaji watano wakigawana sawasawa, kila mmoja anakamilisha asilimia 20 ya mashambulizi ya timu awapo uwanjani, ama kwa kurusha, ama kwa kupata mitupo huru, ama kwa kupoteza mpira. Nyota anayefikia asilimia 30 amebeba mzigo mkubwa, na wanaovuka 40 kwa msimu mzima ni wa kuhesabu kwa vidole. Mmoja wao ni Russell Westbrook wa Oklahoma City, timu ya NBA, ligi kuu ya Marekani, aliyefikia asilimia 41.7 katika msimu wa 2016/17. Msimu ule Westbrook alipata wastani wa pointi 31.6, ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) 10.7 na pasi za kufungia 10.4 kwa mechi, akatangazwa mchezaji bora wa ligi. Mtu anayetoa pasi kumi za kufungia kwa mechi hawezi kuitwa mchoyo kirahisi. Hata hivyo, katika raundi ya kwanza ya mtoano walitolewa na Houston kwa mechi 4 kwa 1, na mechi ya pili ya mfululizo huo ndiyo tunayotaka mwitazame nyote wawili. Westbrook alifunga pointi 51, akarusha mara 43, lakini katika robo ya nne mitupo yake iliyoingia ilikuwa 4 kati ya 18, na timu yake ikafungwa 115 kwa 111. Dakika chache alizopumzika katika mfululizo ule nazo ziliwagharimu sana, kwa sababu wenzake walikuwa wamezoea kusubiri aanzishe yeye kila kitu.

Nahodha, mechi yenu ya pointi 38 kati ya 61, yaani zaidi ya asilimia 62 ya pointi zote, ni ya namna hiyohiyo. Wanaosema kwamba bila yeye mngefungwa vibaya zaidi wanasema kweli, na ukweli huo hausaidii kitu, kwa sababu katika mechi ijayo mpinzani ataleta watu wawili kwake tangu dakika ya kwanza.

Hivyo ndivyo Detroit walivyomfanyia Michael Jordan wa Chicago. Katika msimu wa 1986/87 Jordan alifunga wastani wa pointi 37.1 kwa mechi, kiwango ambacho yeye mwenyewe hakukifikia tena, lakini Chicago ilishinda mechi 40 na kupoteza 42, kisha ikatolewa na Boston bila kushinda hata moja. Miaka mitatu iliyofuata, 1988, 1989 na 1990, Detroit waliitoa Chicago mfululizo kwa kumrundikia Jordan walinzi kila alipoelekea kikapuni na kumpiga vikumbo pale ambapo waamuzi walivumilia. Phil Jackson alipokabidhiwa timu mwaka 1989 alimpa nafasi msaidizi wake mzee, Tex Winter, afundishe mashambulizi ya pembetatu, ambayo wachezaji watatu hujipanga upande mmoja na wawili upande wa pili, na pasi inayofuata huamuliwa na alivyosimama mlinzi, si na jina la mchezaji. Jordan hakuyapenda mwanzoni. Wastani wake ulishuka hadi 31.5 katika msimu wa 1990/91, Chicago ikashinda mechi 61, na katika fainali dhidi ya Los Angeles Lakers alitoa wastani wa pasi za kufungia 11.4 kwa mechi. Inasimuliwa kwamba katika mechi ya tano kocha alimuuliza ni nani anayeachwa peke yake, naye akajibu kuwa ni John Paxson, mchezaji ambaye hakuna mtoto aliyekuwa akinunua jezi yake. Paxson alifunga pointi 20 usiku ule, 10 kati yake katika dakika za mwisho, na ubingwa ukaenda Chicago.

Kijana, angalia pia kitu ambacho wanaokulaumu huenda wasikitaje: hata baada ya hapo Jordan alibaki mfungaji bora wa ligi nzima, msimu ule na katika kila msimu aliotwaa ubingwa. Hakuna aliyemwambia aache kurusha, na sisi hatukuambii uache. Kilichobadilika ni mahali alipoupokea mpira na kilichotokea baada ya watu wawili kumjia.

Hapo ndipo malalamiko yako yana uzito, na hapo tunaungana nawe dhidi ya kaka zako. Mchezaji aliyeachwa peke yake akipokea pasi ana mambo matatu ya kufanya, kurusha, kuingia ndani, au kumpa mwingine aliye mbele zaidi, na yote matatu yafanyike kabla mlinzi hajarudi. Kumrudishia nyota mpira zikiwa zimebaki sekunde tano kati ya 24 ambazo timu hupewa kurusha ni kukimbia lawama na kumbebesha mdogo wenu kosa ambalo bado halijatokea. Senta anayelalamika kwamba mpira hauoni ajiulize kwa dhati, unapomfikia huwa anaufanyia nini.

Lakini nawe Nahodha kuna kazi ambayo ni yako peke yako, kwa kuwa mpira unaanzia mikononi mwako. Tunahisi, kwa jinsi mlivyoeleza, kwamba mnampa kijana mpira akiwa mbali, amesimama, uso wake ukiwatazama walinzi wote watano, nanyi wanne mkisimama kumwangalia atakavyowapita. Mbadilishieni mahali. Denver walipotwaa ubingwa mwaka 2023 kwa kuwafunga Miami mechi 4 kwa 1, karibu kila shambulizi lao lilipitia kwa senta wao, Nikola Jokić, na hatukumbuki kumsikia mtu akimwita mchoyo. Msimu ule alikuwa na wastani wa pointi 24.5 na pasi za kufungia 9.8. Mara nyingi aliupokea karibu na mwisho wa mstari wa mitupo huru, mgongo au ubavu wake ukiwa kwenye kikapu, huku wenzake wakikatiza kushoto na kulia kwake, kiasi kwamba mlinzi aliyethubutu kumsaidia mwenzake alimwacha mtu akielekea kikapuni bila kizuizi. Kijana wenu hana kimo cha Jokić, lakini anaweza kupewa mpira mahali hapohapo akiwa tayari anakimbia, baada ya senta kumzuilia mlinzi wake, na senta huyohuyo akageuka kuelekea kikapuni. Mkifanya hivyo mara kumi katika mechi, senta ataupata mpira mara nne au tano bila kuomba.

Jambo jingine, ambalo makocha wengi wa mtaani hulipuuza, ni mgawanyo wa dakika. Mechi yenu ina dakika 40, na tunaamini kijana anazicheza zote. Robo ya kwanza, wakati miguu yake ni mizima na walinzi wanamsubiri yeye, ndiyo ya kuwalisha wengine. Senta ambaye hajagusa mpira kwa dakika kumi hatarudi kulinda kwa moyo, hata mkimpigia kelele namna gani, na hilo ni la kibinadamu tu. Robo ya nne, wapinzani wakiwa wameshalazimika kutawanyika, ndipo nyota apewe mzigo mkubwa zaidi.

Na zikibaki sekunde kumi huku tofauti ikiwa pointi moja? Apewe yeye, bila mjadala wala kura. Mwenye mkono ulio bora ndiye anayestahili kuamua, na atakayenung'unika anung'unike baada ya mechi. Kuamua, hata hivyo, hakumaanishi kurusha. Katika mechi ya sita ya fainali ya 1997 dhidi ya Utah, Jordan alikuwa ameshafunga pointi 39 na ubao ulisomeka 86 kwa 86. Uwanja mzima ulijua mpira ni wake, na ulikuwa wake kweli. John Stockton wa Utah alipomwacha Steve Kerr wa Chicago ili aende kumbana Jordan, Jordan alimpa Kerr, naye Kerr akafunga zikiwa zimebaki sekunde tano. Kerr hakuudunda wala hakuurudisha.

Ili msiendelee kubishana kwa hisia, tunapendekeza mtu mmoja wa benchi ashike daftari kwa mechi tatu, asihesabu pointi kabisa, bali aandike kila mara kijana anapojiwa na walinzi wawili: je, alirusha katikati yao, alitoa pasi iliyomalizwa, alitoa pasi iliyorudishwa, au mpira ulipotea? Ikiwa nyingi ni za kurusha katikati ya wawili, senta ana haki. Ikiwa nyingi ni pasi zilizorudishwa, kijana ana haki, na mazoezi ya wiki inayofuata yawe ya hao wanne wengine. Utabiri wetu, ambao tuko tayari kuchekwa kwa ajili yake, ni kwamba mtakuta zote mbili, na kwamba za kurudishwa zitakuwa nyingi kuliko kaka za kijana wanavyodhani.

*Ndugu Mhariri,*

*Ninafundisha timu ya wasichana ya shule ya sekondari, na tunajiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Msichana mmoja amewazidi wenzake mbali sana, maana wengine bado wanajifunza kudunda mpira bila kuutazama. Je, ni vibaya nikimwachia yeye kila kitu?*

*Mwalimu, Tanga*

Jibu

Katika mechi si vibaya, Mwalimu, maana kumnyima mpira anayejua kuutumia hakutawafundisha wengine kuudunda. Mazoezini fanya kinyume chake: weka sharti kwamba haruhusiwi kurusha mpaka wenzake watatu wameugusa mpira, na anayeupokea kutoka kwake asiurudishe kwake katika pasi inayofuata. Atakasirika siku mbili za mwanzo. Katika mechi za kirafiki mpumzishe robo nzima ya pili, hata mkiachwa nyuma, na wewe uandike ni msichana gani aliyethubutu kurusha alipoachwa peke yake, iwe uliingia au haukuingia, kwa sababu huyo ndiye utakayempanga pembeni kusubiri pasi siku nyota wako atakapobanwa na watu wawili.