Usaili wa kampuni kubwa za teknolojia: anayekuhoji mara nyingi siye anayeamua

Mleta mada ameuliza mambo mawili: kama ni lazima umalize mamia ya maswali ya programu kabla ya kusailiwa na kampuni kubwa ya teknolojia, na kama kazi ya huko ndani inalingana na sifa zake. Mkuu, nimefanya kazi kwenye mojawapo ya kampuni hizo (sitaitaja), nimesailiwa na baadaye nikawa nasaili wengine, kwa hiyo nazungumzia niliyoyaona.

Wengi hujiandaa wakidhani wanakwenda kumridhisha mtu mmoja aliyekaa mbele yao. Huyo kazi yake kubwa ni kuandika. Mkishaagana anakaa na kujaza ripoti: alikuuliza nini, ulianzia wapi, ulikwama wapi, alikupa vidokezo vingapi, msimbo wako (maandishi ya programu) ulikuwaje. Google, kwa mfano, ilijijengea utaratibu wa kupeleka ripoti hizo kwenye kamati ya ajira inayoamua, yaani watu ambao hawajawahi hata kuisikia sauti yako. Amazon huingiza kwenye jopo msaili kutoka nje ya timu inayoajiri, wanamwita Bar Raiser, mwenye uwezo wa kuzuia usichukuliwe hata kama meneja anakutaka. Sababu inaeleweka: meneja mwenye pengo kwenye timu yake anataka mtu jana, na mwenye haraka huchukua yeyote.

Sasa jiulize, ukikaa kimya dakika ishirini kisha ukatoa jibu sahihi, mimi niandike nini? Kwamba umepata jibu. Basi. Mwenzako anaanza kwa kusema: "Naweza kutumia vitanzi viwili (maagizo yanayojirudia), kimoja ndani ya kingine, itafanya kazi, ila data ikiongezeka mara kumi muda utaongezeka mara mia, afadhali nihifadhi nilivyokwisha kuviona kwenye jedwali la hashi, linalopata kitu bila kupekua vyote, nipite mara moja tu." Huyo hata muda ukimwishia ameniachia aya nzima ya kuandika. Nimeshuhudia waliomaliza swali wakikataliwa, na ambao hawakumaliza wakipita.

Kwa hiyo kuhusu mamia ya maswali: fanya mazoezi, lakini idadi haina maana kubwa. Zijue vizuri njia za kupanga na kutafuta data: safu, jedwali la hashi, miti, grafu, na kutafuta kwa kugawa nusu. Halafu fanya jambo ambalo watu hulikwepa kwa sababu linatia aibu: tatua swali kwa sauti, saa ikitembea, mbele ya mtu. Kukariri majibu hakusaidii sana. Msaili anayejua kazi yake atabadilisha sharti moja katikati, na aliyekariri atajulikana hapo hapo. Na yale mafumbo ya mipira ya gofu mingapi inaenea ndani ya ndege yasikupotezee usingizi. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi Google, alisema hadharani kwamba yalikuwa kupoteza muda na hayakutabiri lolote.

Je, utaratibu huu ni wa haki? Nusu. Mwaka 2015 Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu ya kusakinisha programu nyingine inayotumiwa na wahandisi wengi mno, alilalamika kwamba Google walimkataa kwa sababu ya swali la kupindua mti wa matawi mawili (data iliyopangwa kama matawi, kushoto na kulia vibadilishane) ubaoni. Mimi huwa namwelewa. Lakini kampuni yenye foleni ndefu ya waombaji huona ni heri kumkosa fundi mzuri kuliko kumwajiri asiyefaa, kwa sababu kumtoa baadaye ni shughuli pevu. Ukikataliwa, usilichukulie kama hukumu ya uwezo wako.

Usaidizi mwingine mdogo: maswali ya "nieleze wakati ulipotofautiana na mwenzako" yana uzito sawa na msimbo, hasa Amazon wenye kanuni zao 16 za uongozi. Andaa visa vichache vya kweli, na useme wewe binafsi ulifanya nini, matokeo yakawaje. Watu wetu huwa na unyenyekevu, wanaipa timu sifa zote, na mwandishi wa ripoti anabaki hana la kuandika.

Ofa ikija, angalia kiwango (ngazi ya cheo) wanachokuweka kabla ya mshahara, maana kupanda baadaye ni kazi ngumu kuliko kubishana siku hiyo. Hisa nazo soma ratiba yake. Nyingi hugawanywa kwa miaka minne, na si lazima kwa mafungu sawa. Ratiba ya Amazon kwa miaka mingi ilikuwa asilimia 5, 15, 40 na 40, mwaka wa kwanza hadi wa nne. Hisa ambayo haijaiva, yaani muda wa kukabidhiwa haujafika, usiihesabu kama pesa yako.

Ndani sasa. Utasoma kuliko utakavyoandika. Google walieleza mwaka 2016 kwamba hazina yao moja ya msimbo ilikuwa na mistari kama bilioni mbili. Badiliko la mistari kumi linapita kwenye majaribio, kwa mhakiki, kisha linaachiwa watumiaji kidogo kidogo. Mfumo mpya huanza na waraka unaojadiliwa kabla msimbo haujaguswa. Kuna zamu za dharura pia, simu italia usiku wa manane. Ninachokisifu ni kwamba baada ya hitilafu huandikwa ripoti bila kutafuta mchawi: mfumo uliruhusuje kosa hilo, si nani alilifanya.

Na kupanda cheo ni karatasi tena. Kwenye kampuni niliyokuwa, fundi aliyezima moto kimya kimya mwaka mzima alibaki palepale, huku aliyeandika vizuri kazi ya kawaida akipanda. Iliniudhi, na bado inaniudhi. Weka kumbukumbu za kazi yako kila wiki.

Usalama wa ajira usiutegemee. Novemba 2022 Meta ilipunguza watu 11,000. Januari 2023 Google ikatangaza kama 12,000, Microsoft 10,000, na Amazon zaidi ya 18,000. Wenye tathmini nzuri nao waliondoka.

Mkuu, ukipangiwa tarehe tuambie ni nafasi gani na kiwango gani. Ukiitwa kama mhandisi mwandamizi, kuna usaili mzima wa kubuni mifumo ambao sijaugusa hapa, na maandalizi yake ni tofauti kabisa.